Mikono hewani, miguu sakafuni: nilivyocheza VR Kisumu

Jambo la kwanza nililomuuliza kijana wa pale lilikuwa la mtandio. Nimevaa mtandio tangu utotoni, sina mpango wa kuuvua kwenye chumba chenye vijana wanane, na ile miwani ya VR, inayofunika macho na kukuingiza kwenye dunia ya picha, ina mkanda unaozunguka kisogo na mwingine unaopita utosini. Nilidhani ataniambia nijaribu hivyo hivyo. Badala yake alileta kitambaa chembamba cha kufunika uso, kilichotobolewa machoni, akaniomba niubane mtandio nyuma kwa pini, akalegeza mkanda wa juu, kisha akasema, "Mama, tikisa kichwa kama mtu anayekataa." Nikatikisa. Miwani ikateleza. Akaikaza tena. Tulifanya hivyo mara tatu mpaka ikatulia, na muda wote huo saa ya malipo alikuwa hajaianzisha. Kwa hilo peke yake nilishaamua kuwa nitaandika.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kaloleni, hapa hapa Kisumu, na kibanda changu kiko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Oginga Odinga Street. Duka la michezo ninalolisema liko katikati ya mji, ghorofani, juu ya maduka ya simu. Jina nimeliacha kwa sababu nina malalamiko mawili, nimewaambia wenyewe uso kwa uso, na wanayashughulikia. Nimekwenda mara tatu kati ya Agosti na Septemba. Dakika 15 ni shilingi 300. Nimecheza zamu saba, shilingi 2,100 kutoka mfukoni mwangu, na hakuna aliyenipa hata dakika moja ya bure.

Kilichonipeleka ni ubishi. Swaleh, mtoto wa dada yangu, na rafiki yake walikuwa wamekaa kwenye benchi langu likizo ya Agosti, mimi napinda sketi za shule, wao wanabishana. Swaleh anasema VR bila kusogeza mwili ni televisheni iliyofungwa usoni. Mwenzake anasema kurusharusha mikono ni mambo ya wageni: siku ya kwanza unafurahi, siku ya tano umechoka, unataka kitu cha kukalia na padi yako mkononi, kile kidude cha vitufe na vijiti vya gumba. Niliwaacha wabishane mpaka nikagundua nimesimamisha cherehani ili niwasikie vizuri. Swali lile lilikuwa langu pia. Nina miaka 22 katika kazi hii, nimeshona kwa cherehani ya kukanyaga na ya mota, na najua tofauti ya mashine inayokwenda kwa mwendo wa mguu wako na ile unayoiwasha ikajiendea. Sikujua tofauti hiyo ikoje ndani ya miwani.

VR nilikuwa nimeionja mara moja tu kabla ya hapo, Desemba, kwenye kibanda cha sikukuu ambacho hakipo tena. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, nikapewa padi, nikaambiwa nisukume kijiti kwa gumba ili nitembee. Nikatembea msituni. Dakika ya nne jasho baridi likanitoka, mate yakajaa mdomoni, nikaivua ile miwani na kumrudishia mwenyewe bila kusema neno. Nilikaa kivulini karibu nusu saa kabla sijaweza kupanda tuktuk kurudi nyumbani.

Sababu yake inaeleweka. Ndani ya sikio kuna vifereji vyenye majimaji vinavyouarifu ubongo kama mwili unasogea au umetulia. Macho yangu yalisema natembea, masikio yakasema nimekaa. Ubongo ukiletewa habari mbili zinazopingana namna hiyo, tumbo ndilo linalolipa. Wako wanaozoea, na watengenezaji wa michezo wana mbinu zao za kupunguza adha: wengine wanakurusha kutoka hapa mpaka pale bila safari ya katikati, wengine wanatia giza pembezoni mwa picha unapotembea. Kule kibandani hakuna aliyeniwekea lolote kati ya hayo, wala aliyeuliza kama ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Kwa hiyo nilipanda ngazi za hili duka jipya nikiwa na hofu, na ndimu mkobani. Miwani waliyonivika ni Quest 2 ya kampuni ya Meta, ile iliyotoka Oktoba 2020. Ina gramu 503. Mwenye kupima sukari dukani anajua nusu kilo ni nini; sasa iweke mbele ya macho. Haina waya wowote. Kamera nne zilizopachikwa mbele yake zinatazama chumba, na kwa kutazama kuta na sakafu ndivyo inavyojua kichwa chako kiko wapi. Kontrola mbili za mkononi zina pete zenye vitaa vya infraredi. Jicho halivioni, kamera zinaviona. Ukiupeleka mkono mgongoni, kamera hazikuoni tena, na kifaa kinabaki kukisia kwa vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya kontrola.

Kijana aliniambia nipige hatua moja mbele. Nikapiga, nikishika ukuta. Dunia ya mle ndani ikasogea hatua moja, kamili, kama vile nimesogea sebuleni kwangu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikainama, nikachungulia chini ya meza iliyokuwa mle. Tumbo kimya. Ile ndimu sikuitoa. Basi, kabla hata ya kusema kipi kinafurahisha zaidi, kwa mtu wa tumbo kama langu kutembea kwa miguu yangu mwenyewe ndiko kulikonifungulia mlango. Siwezi kufurahia mchezo nikiwa chini ya mti natema mate.

Ubishi wa wale vijana wawili una historia. Miwani ya Oculus Rift ya kwanza kuuzwa kwa watu wa kawaida ilitoka Machi 2016, na ndani ya boksi lake kulikuwa na padi ya Xbox One, mashine ya michezo ya Microsoft. Kontrola zake za mikono zikaja Desemba ya mwaka huo huo. Mpinzani wake, HTC Vive, alitoka Aprili 2016 akiwa na kontrola za mikono tangu siku ya kwanza, na nafasi ya kuzunguka chumbani. Yaani mwaka mmoja, miwani mbili, na kila mmoja na jibu lake. Leo miwani zinazouzwa sana zote zinakuja na kontrola za mikono, lakini kwangu hilo si ushahidi. Fundi anayejua kazi haamini mshono kwa sababu umevaliwa na wengi.

Tena nilikuwa na sababu ya kuelekea upande wa yule rafiki wa Swaleh. Miaka mingi nyuma binamu yangu alirudi kutoka Uingereza na Wii, ile mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa 2006, yenye tenisi ya kucheza kwa kuzungusha mkono. Wiki ya kwanza sebule nzima ilisimama. Makochi yalisukumwa ukutani, shangazi zangu walicheza mpaka adhana ya magharibi. Wiki ya tatu watoto wakagundua kwamba bega halihitajiki: ukiketi kwenye kochi ukakitikisa kifundo cha mkono tu, mpira unarudi. Tukaketi sote. Mashine ilitupa raha nyingi na siisemi vibaya, lakini somo lilinikaa. Mwendo wa mwili ukiwa ni ishara tu, mtu ataufupisha mpaka uishe. Mwili haufanyi kazi isiyohesabiwa.

Kwa hiyo nilichotaka kujua kwenye VR ni hiki: inahesabu?

Mchezo ulionijibu ni Eleven Table Tennis. Shuleni tulikuwa na meza moja ya tenisi, imepasuka katikati, na nilikuwa mzuri kuliko wasichana wengi wa darasa langu. Baadaye maisha yakaja. Nilipoikamata kontrola, raketi ikatokea mkononi mwangu. Mpira wa kwanza niliupiga wavuni. Wa pili ukapaa. Wa tatu niliugeuza uso wa raketi kidogo sana, kiasi kile kile ninachougeuza mkono ninapopachika mkono wa shati begani ili usivute, nikaukwaruza mpira kutoka chini kwenda juu. Ukazunguka, ukavuka wavu kwa upana wa kidole, ukatua ukingoni na kukata kulia. Nilisimama. Mpira ule niliujua. Ulikuwa mpira wangu wa kidato cha pili, na mkono ulikuwa umeuhifadhi miaka yote hii bila kuniambia.

Mle ndani kutikisa kifundo hakukufikishi popote, maana mchezo unafuata raketi iko wapi, imeelekea wapi, na inakwenda kasi gani. Mpira ukija mbali kushoto, usiposogeza miguu umekwisha. Nilisogea. Nilichuchumaa nusu, kama tulivyofundishwa. Jasho lilianza kwenye nywele, chini ya mtandio, na sikujali. Dakika 15 zilipoisha nililipa nyingine 15 bila kuvua.

Nimefikiria sana kwa nini tenisi ya meza inakubali hivi, na nadhani jibu liko kwenye mizani. Mpira wa kweli una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 2.7. Ukigonga raketi, mkono haupokei mzigo; unapokea kishindo kidogo tu. Kontrola nayo inatetemeka kidogo mpira unapogusa. Kinachokosekana ni kidogo, mkono unasamehe.

Onyo moja lenye uzito. Meza ya mle ndani haipo. Unaiona, ina urefu wa kawaida kutoka sakafuni, rangi yake inang'aa, na baada ya dakika kumi mwili unaamini ipo. Nilipochoka nilitaka kuiegemea. Yule kijana alinidaka kiwiko. Aliniambia baadaye kwamba ndiyo sababu anasimama karibu na watu wazima wanaocheza tenisi, na hawaachi hata simu yake ikiita. Kama mnaendesha biashara ya namna hii mahali popote, mwekeni mtu kama huyo.

Siku ya pili nilijaribu Beat Saber, ule uliotengenezwa na studio ya Prague na kutoka mara ya kwanza Mei 2018. Boksi zinakuja zikifuata muziki, nyekundu za mkono wa kushoto na buluu za kulia, kila moja na mshale wa kukuonyesha ukate kuelekea wapi. Swaleh anaucheza kama anapigana na nyuki. Mimi nilikwenda polepole, nikagundua kwamba kinachonifurahisha ni kukata sawasawa, kwenye mshale, kwa mkono ulionyooka, kama unavyokata kitambaa kwa kufuata uzi. Mchezo wenyewe unakupa alama zaidi ukizungusha mkono kwa upana na kupita katikati ya boksi, kwa hiyo kufupisha mwendo kunakugharimu. Wii ya sebuleni kwetu haikulijua hilo. Halafu upanga wenyewe ni wa mwanga. Nani amewahi kushika mwanga akajua uzito wake? Mkono hauna cha kulalamikia.

Kulalamika kulikuja kwenye mchezo wa mashoka. Jina lake halina haja, iko mingi ya namna hiyo. Nilishika shoka lenye mpini mrefu kama jembe, chuma chake kipana kama sinia. Nikaliinua kwa vidole viwili. Halikuwa na kitu. Nilipolishusha juu ya ngao ya adui, shoka lilisimama pale kwenye ngao na mkono wangu ukaendelea kwenda chini, nikabaki natazama mkono mmoja machoni na kuhisi mwingine mahali pengine.

Hapa niseme kama fundi. Nikikata jinzi, mkasi unanirudishia habari: mgumu, mzito, kuna mshono unakuja, punguza. Nikikata shifoni mkasi unanyamaza, na huko kunyamaza ni habari pia, kunaniambia nibane kitambaa kisinikimbie. Mkono unakata na unasoma kwa wakati mmoja. Shoka lile lilinyang'anya mkono wangu kusoma, likauachia kupunga tu. Baada ya dakika tano niliomba padi. Hawakuwa na njia ya kuuchezesha mchezo ule kwa padi, lakini ningepewa ningefurahi zaidi, kwa sababu padi haikuahidi uzito. Unabofya, mtu wa kwenye picha anainua shoka, misuli ni yake, wewe unapanga. Hayo ni makubaliano ya haki.

Ngumi ni jambo jingine. The Thrill of the Fight, mchezo wa ndondi, haukuhurumii: unapima kasi ya ngumi yako, na ngumi ya kuigiza haimtikisi mtu. Raundi moja, mabega yangu yalikuwa yanawaka. Pale uzito haupo, ni kweli, ngumi inapita usoni mwa mtu kama moshi. Lakini uchovu upo, na ni wangu. Mpinzani aliponijia mara ya pili sikuweza kuinua mkono wa kushoto, na hofu iliyonipanda kifuani haikuwa ya picha. Padi haiwezi kukuletea hilo. Kwenye padi mchezaji wako ndiye anayechoka, kuna mstari wa kijani unaopungua, wewe uko salama. Siyo kila mtu anaitaka hofu ile. Mimi niliitaka, mara moja, na nitairudia.

Na kuna Superhot VR, ambao Swaleh alinilazimisha na sasa namshukuru. Humo muda unasonga pale tu unaposogea. Risasi inaning'inia hewani mbele ya pua yako, ukiinua mkono, inakuja kidogo, ukitulia, inasimama. Nilisimama nimebana pumzi, kama ninapotia uzi mwembamba kwenye sindano namba tisa taa ikiwa hafifu. Watu wakizungumza kuhusu michezo ya mwili wanawaza kuruka na kupiga. Kutulia nako ni kazi ya mwili, tena ngumu, na sijawahi kuona mchezo wa padi unaokulipa kwa kutulia namna hiyo.

Sasa nimpe rafiki wa Swaleh haki yake, maana anayo. Ziara ya tatu nilikwenda na mzee jirani yetu, dereva wa malori mstaafu, ambaye nyonga yake imechakaa na hawezi kusimama zaidi ya dakika chache. Duka lina miwani ya Sony, PlayStation VR2, yenye mchezo wa mbio za magari, Gran Turismo 7, kiti cha gari, usukani wa kweli unaokaza na kulegea mikononi, na pedali. Mzee akaketi. Akarekebisha kiti kwanza. Akaweka mikono yake kwenye usukani, akatoka taratibu, na alipotaka kulipita gari la mbele, nilimwona akigeuza shingo kutazama kioo cha pembeni. Hakuna aliyemwambia. Alicheza dakika 15 zote, akaomba gari la pole zaidi, akalipia tena, na njiani kurudi alinisimulia barabara ya Busia ilivyokuwa zamani mpaka tukafika getini.

Nilijaribu na mimi mbio za magari, lakini kwenye Quest, mchezo mwingine, ambao unashika usukani wa hewa kwa kontrola mbili. Mikono inayumba, hakuna pa kuiegemeza, gari linakwenda kama limelewa. Hapo ndipo wakanipa padi, na mara moja mambo yakanyooka. Kijiti cha gumba kinarudi katikati chenyewe. Hewa hairudi popote. Kwa hiyo ukiniuliza kwa magari, nitakwambia usukani wa kweli kwanza, padi ya pili, na kupunga mikono hewani mwisho kabisa. Tena mzee wetu hakuwa amekosa chochote kwa kuketi, maana dereva huketi. Mwili wake nje ya miwani ulikuwa unafanya kile kile ulichofanya ndani. Nadhani hapo ndipo kesi yote ilipo: mikono na miguu inaongeza raha pale kazi yenyewe ni ya mikono na miguu na mkono hauachwi bila cha kusoma. Ikiwa ni ya kuketi na kupanga, mpe mtu kiti.

Swaleh ananiambia, "Mama mdogo, si ulisema nimeshinda?" Sikusema. Nilisema umeshinda kwenye tenisi.

Kuhusu ile hoja ya siku ya tano, nakubali nusu. Asubuhi baada ya ndondi nilipata shida kuinua pasi ya makaa. Sidhani mtu angetaka mchezo wa hadithi wa saa nne akiwa amesimama, achilia mbali kwamba betri ya Quest 2 yenyewe haivuki saa mbili au tatu. Lakini kuchoka huko sikukuchukia. Nashinda kitini nimeinamia kitambaa. Mgongo wangu uliishukuru ile tenisi zaidi ya unavyoushukuru mafuta ya kuchua.

Niwape ya vitendo. Kisumu ni joto, mnajua, na baada ya saa sita mchana nusu kilo usoni ni adhabu: jasho linashuka, lenzi zinafanya ukungu, sponji inalowa. Hapa wanaipangusa kila mtu akimaliza, na sponji wameifunika kwa mpira laini unaofutika, nimeangalia kwa macho yangu. Kuna feni moja imewekwa mbele, haisogezwi. Mwanzoni nilidhani ni ya joto tu. Kijana akanieleza kwamba ndani ya miwani unapoteza mwelekeo wa chumba, lakini upepo ukikupiga usoni unajua uso uko upande gani. Ni akili hiyo. Nendeni asubuhi. Dada zangu wa buibui, pindo likiwa la kugusa sakafu litakuangusha unaporudi nyuma. Mimi nililipandisha kwa pini nne, ziara ya pili nikavaa dera la kukomea kwenye kifundo na suruali ndani. Viatu vya raba. Na ukanda wa kontrola uvae kwenye kifundo cha mkono hata ukiona ni usumbufu, maana kontrola iliyoponyoka kwenye ngumi inakwenda moja kwa moja kwenye skrini ya mtu.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza ni nafasi. Mchezo wa kutembea unataka angalau mita mbili kwa mbili kwa kila mchezaji. Chumba chao kina kama mita nne kwa tatu, na siku ya Jumamosi waliingiza wawili: kwa hesabu wanaenea, lakini hakubaki nafasi ya kuwatenga. Miwani inakuchorea mpaka, ukiukaribia unaona wavu wa mwanga na kurudi. Lakini mpaka ule umechorwa kwa ajili ya kuta, haujui kwamba kuna kijana mwenye mikono mirefu upande wa pili. Nikiwa kwenye tenisi nilipigwa ngumi begani na mtu aliyekuwa kwenye ndondi. Aliomba radhi, na hakuwa na kosa, hakuniona. Wenye duka ndio wenye kosa. Nimewaambia, na sasa wameweka utepe wa njano katikati na mcheza ndondi anaingia peke yake. Nitaangalia kama utaratibu huo utadumu Desemba watu wakijaa.

La pili ni dirisha. Linaelekea magharibi, ziwani, na kuanzia saa kumi jioni jua linaingia bila kubisha hodi. Ziara ya tatu, nikiwa katikati ya mchezo ambao nilikuwa naongoza, mkono wangu wa kulia ulianza kutangatanga, raketi ikaruka mpaka darini, ikarudi, ikaruka tena. Mwanga wa jua ulikuwa unazisumbua kamera zisione vile vitaa vya kontrola. Kibaya zaidi, miwani nyingine ilikuwa imewekwa juu ya meza, lenzi zake za ndani zimetazama dirishani. Lenzi hizo zinakusanya jua kama kioo cha kukuzia, na dakika chache zinatosha kuchoma alama kwenye skrini isiyofutika. Niliigeuza mwenyewe, nikamwita kijana.

Lazima niwaambie kwamba hapo ndipo nilipoacha kuwa mteja tu. Mwenye duka aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akaniuliza kama nashona mapazia. Niliyoandika hapo juu yote yalishatokea kabla ya hapo, na bei tuliyokubaliana ni ile ile ninayomtoza kila mtu. Nilirudi Ijumaa na tepu yangu. Dirisha ni sentimita 210 kwa 140, kwa hiyo nimekata upana mara mbili ili likunjike vizuri na mwanga usipenye kwenye mikunjo, kitambaa kizito cha buluu iliyokolea, bitana nyeusi nyuma, na pindo la chini nimelitia mnyororo mwembamba ili feni isilipeperushe. Taa ya dari itabaki ikiwaka, maana kamera zile zikiwa gizani haziioni sakafu. Natundika Alhamisi. Saa kumi na moja jioni siku hiyo nimejiwekea zamu ya tenisi, nimelipia, nione kama mkono wa kulia utakaa mahali pake jua likishuka ziwani.